Sindano Kumi

Kabla ya gari kuwaka, natunga uzi sindano kumi
na kuzichomeka moja moja kifuani pa koti la Cornelius.
Zinang'aa kama nishani,
juu ya mtu wa ukoo usioshika bunduki.
"Kumi zitatufikisha wapi?" anauliza.
"Brandon, ukiwa na bidii," namwambia.
"Virden, ukisinzia."

Miaka thelathini na minane
kiti hiki kilikuwa chake na kile changu.
Yeye usukani, mimi kopo la peremende:
mkasi mdogo, subana,
karatasi za pembe sita nilizokata kwenye kalenda za benki.
Nchi niliijua kwa urefu wa uzi.
Kutoka ghala la nafaka la Elkhorn hadi mpaka, uzi mmoja na nusu.
Kutoka Moosomin hadi kahawa, nne.
Regina sikuijua, ila kama mahali
ambapo barabara huvuka reli
na sindano huingia kidoleni.
Bandubandu humaliza gogo;
pembe sita, pembe sita, humaliza Saskatchewan.

Kanola ilipita ikiwa njano tupu, nami kichwa chini.
Swala walipita. "Tazama, Aganetha!"
Nikiinua macho, wamekwisha kuwa vumbi.
Siku zile alikuwa na macho ya watu wawili.

Machi hii daktari wa Winnipeg alichora duara kwenye karatasi,
akalijaza wino katikati.
"Pembeni utaona," alisema. "Katikati, hapana."
Cornelius akaitazama karatasi kwa upande,
kama kuku anavyotazama punje,
akacheka peke yake.
Tulipofika kwenye gari akaniwekea funguo kiganjani
bila neno,
kama mtu anayerudisha jembe la jirani.

Basi sasa naendesha mimi.
Safari ya kwanza alikaa na mikono mapajani, mitupu,
akisikiliza matairi.
Kilomita mia mbili.
Kisha nikasikia kifuniko cha kopo la peremende.

Hakuomba afundishwe. Vidole vyake,
vilivyozoea kuitafuta nati tumboni mwa trekta gizani,
vilipapasa ukingo, vikakuta ukingo mwingine,
sindano ikaingia, ikatoka, ikaingia kidoleni,
naye akatamka neno la Kijerumani chetu cha nyumbani
ambalo halijawahi kusikika kanisani.

Mishono yake ni mikubwa kama meno ya farasi.
Mmoja umetangulia Alberta kabla yetu.
Kijani ameishonea kijani,
na pale nilipopanga kijivu, kitulivu,
kuna zambarau ya gauni nililovaa nikiwa na mimba ya Liesbet.
Wanawake wa Alhamisi wangeyafumua yote
kabla chai haijapoa.
Mimi sifumui.
Huko Lethbridge, Liesbet atautandika mfarishi huu,
atapitisha kiganja juu yake,
na kiganja kitamwambia: hapa baba alianza.

Kila kituo cha mafuta natunga kumi nyingine.
Tundu ni dogo, na mkono wangu nao umeanza kutetemeka;
nalowesha uzi kwa ulimi,
una ladha ya kahawa ya Swift Current.
Kijana wa kaunta anachungulia dirishani:
"Mzee alipigana wapi?"
"Barabara Kuu Namba Moja," anajibu Cornelius.

"Tazama!" nimesema bila kufikiri.
Swala, kundi zima, kando ya uzio.
Anageuza uso kuelekea mbali nao,
ili awanase kwa ule ukingo wa macho uliosalia.
"Nimewaona," anasema. "Matako meupe."
Sijui kama amewaona kweli.
Anavuta uzi hadi mwisho, anafunga fundo,
anapapasa kifuani,
anapapasa tena.
"Zimekwisha."

Medicine Hat, kilomita arobaini.
Nawasha taa ya pembeni, natoka barabarani,
nazima gari.
"Nipe uzi," namwambia.